Gia Tano za Kumkomesha Mwanyumba

Jumatatu, 3 Juni

Nimevuliwa usukani. Miaka kumi na moja mimi ndiye ninayempeleka Baba mkwe shambani kwake mlimani kila Jumamosi, kwa gari langu kuukuu linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mvua mimi, tope mimi, pancha mimi. Leo je? Kaja mwanyumba, aliyemwoa mdogo wa mke wangu juzijuzi tu, hata miaka mitatu haijatimia. Naye ana gari kama langu. Umri uleule, rangi ileile! Ila yeye kang'oa giaboksi ya gia nne kaweka ya gia tano, na sasa nyumba nzima haina habari nyingine. Eti linateleza. Eti halipigi kelele. Eti mlima anaupanda huku anakunywa chai.

Jumamosi iliyopita Mzee alipanda la mwanyumba. Alisema anajaribu tu. Leo mke wangu ananiambia huenda wiki hii akapanda hilohilo. Nikauliza kwa nini. Akasema wanawahi kufika. Nikamkumbusha kuwa haraka haraka haina baraka. Akasema miaka yote hiyo ya polepole yangu, baraka yenyewe hajaiona.

Wivu sina. Ni suala la haki tu.

Jumanne, 4 Juni

Wazo! Gia tano na mimi. Kwani yeye ana vidole sita?

Nimekwenda kwake kusalimia. Yaani kupeleleza. Mwenyewe yuko kazini, gari kaliacha nyumbani. Nikajilaza chali chini ya gari lake na tepu ya kupimia nguo. Giaboksi yake imeizidi yangu kama shubiri moja. Nikaandika vipimo vitatu kiganjani. Mara naona miguu miwili ndani ya soksi za sufi. Mama mkwe! Kumbe amekuja kumtembelea binti yake. Akauliza kama nimeanguka. Nikajibu nimedondosha kifungo. Akainama kunisaidia, masikini. Robo saa nzima tumetafuta kifungo, mimi na mkwe wangu, tumeinama kama watu wanaopalilia. Aibu iliyoje! Mwisho nikang'oa kifungo cha shati langu kwa siri nikasema nimekiona.

Nimefika nyumbani, jasho limefuta vipimo viwili.

Jumatano, 5 Juni

Fundi wangu anaitwa Kesho, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu. Leo alikuwa na maneno zaidi. Akasema nyuma ya giaboksi kuna kisanduku kingine kinachogawa nguvu, hii ya matairi ya mbele, hii ya nyuma. Vitu hivyo viwili vitoke gari moja, visitenganishwe. Halafu akasema kwa nini nisimuulize mwanyumba wangu alikopata vyake, maana kazi yake ni safi sana.

Nimuulize mwanyumba! Bora niende shambani kwa miguu.

Nikaenda kwa Mama Vyuma, mwenye yadi ya chuma chakavu nyuma ya duka la mbao. Nikamwambia nataka gia tano. Akauliza za gari gani. Nikashtuka. Anataka kujua siri zangu apeleke umbeya kwa mwanyumba! Nikamjibu gia tano ni gia tano.  Kisha akanitolea giaboksi ya gari moja na kisanduku cha gari jingine, akasema mwenyewe kwamba hawa baba mmoja mama mbalimbali. Nikasema watazoeana. Giaboksi yangu ya zamani, niliyokuwa nimeshaifungua asubuhi, nikamwachia kwa kubadilishana. Kabla sijafika getini nikasikia nyundo. Anaipasua. Sikugeuka.

Alhamisi, 6 Juni

Kazi imeanza. Shafti, zile fimbo zinazozungusha magurudumu: ya nyuma imekatwa, ya mbele imeungwa. Mkono wa gia umetokea mahali pa ajabu, karibu kabisa na paja la abiria. Ikifika gia ya nne itabidi nimwombe Mzee radhi.

Fundi Kesho alitaka kukifungua kile kisanduku atazame ndani kwanza. Nikakataa. Akasema mwenda pole hajikwai. Nikamwambia na mwenda pole ndiye aliyenyang'anywa mkwe.

Halafu mwanyumba akapita! Akasimamisha gari, akateremka, shikamoo kaka, akauliza kama nahitaji msaada, jeki yake imo garini. Nikaifunika giaboksi kwa ramani ya dunia ya shuleni (mimi mwalimu wa jiografia). Nikasema ni jiko. Akasema hongera. Hakucheka hata kidogo. Watu wapole kiasi hicho wana lao jambo.

Saa sita nikampigia simu Mzee. Nikamwambia Jumamosi aje nami, gia tano. Akakubali palepale! Sauti yake ilikuwa ya furaha kabisa.

Ijumaa, 7 Juni

Tumemaliza! Nikawasha. Nikatia gia ya kwanza. Gari likarudi nyuma likapiga pipa la maji la fundi.

Nikatia ya pili. Likarudi nyuma kwa kasi zaidi. Ya tatu, fundi akaruka ukuta. Nikatia rivasi. Likaenda mbele, taratibu, kama linakwenda kuomba kazi.

Fundi Kesho akaweka spana chini, akakifungua kisanduku. Gurudumu la meno la katikati hamna. Ndivyo gari lile jingine lilivyoundwa. Bila hilo, mzunguko wote unageuka. Kwa hiyo nina gia tano za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele.

Nikaenda kumfokea Mama Vyuma. Akasema niliomba gia tano, sikusema za kwenda wapi.

Fundi anasema kutengeneza ni wiki mbili. Na Mzee kesho asubuhi yuko kwangu! Nimewaza sana. Kurudi nyuma nako ni kwenda. Inategemea mtu ametazama wapi.

Jumamosi, 8 Juni

Mzee alikuja na kofia yake na chupa ya chai. Tuliondoka kwa ile gia moja ya mbele. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani alitupita, akatusalimia vizuri, akaenda zake. Kwa mwendo ule tungefika Jumatatu. Chini ya mlima nikaligeuza gari, nikapanda kinyumenyume. Mzee akauliza mbona barabara inatukimbia. Nikasema ni mtindo wa kisasa.

Kisha akatokea mwanyumba kwa nyuma. Yaani kwa mbele. Yeye anapanda, sisi tunapanda, tunatazamana taa kwa taa! Akapunga mkono. Pembeni yake, mke wangu. Mke wangu mwenyewe! Amejifunika uso kwa mtandio. Nikataka nimwonyeshe mwanyumba gia ya tatu ni kitu gani. Tukaingia mtaroni.

Hakuna aliyeumia. Mwanyumba akatuvuta kwa kamba hadi shambani. Kwa kamba! Nililia kwa ndani njia nzima.

Lakini mlemle kwenye kuvutwa, polepole hivyo, Mzee akamimina chai akaanza kusimulia. Jinsi alivyolipata shamba, jinsi ndugu zake walivyomcheka. Tulipofika getini ndipo akamaliza.  Akasema gari la mwenzangu ni zuri, ila linafika mapema mno. Yeye ana maneno mengi na siku zilizobaki si nyingi. Akasema alidhani nimechoka kumsikiliza, kwa sababu siku hizi macho yangu yako kwenye kioo tu, natazama nani anakuja nyuma. Nirudishe gia nne, Jumamosi zote ni zangu.

 Nampenda yule mzee, Mungu anajua. Nikamwahidi.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka mwepesi. Sina neno na mtu.

Saa nne akaja mwanyumba. Mzee kamweleza yote. Akasema nisihangaike, anajua mahali penye giaboksi za gia nne, nzima, ataniletea mbili. Nikamshukuru. Nikamsindikiza hadi nje, nikampungia mkono mpaka akakata kona.

Mbili? Mbona mbili?

Mke wangu anasema ya pili ni ya akiba. Akiba! Mimi si mtoto. Mwanyumba amesikia Mzee anapenda mwendo wa taratibu, sasa anataka naye kurudisha gia nne, aninyang'anye tena mkwe huku ananichekea. Hanipati. Nimekwenda mbio kwa Mama Vyuma, nimemkuta anafunga. Anayo ya gia tatu, ya lori lililomzidi Mzee umri. Nimeichukua. Tuone sasa nani kati yetu atachelewa zaidi kufika.