Kilo za Rahaf na Kikao cha Ukoo

Nguvumali, Tanga
Jumanne

Kwa Mheshimiwa Shangazi Bi Zuwena,
Mwenyekiti wa Kikao cha Ukoo,
Pangani.

Shangazi, shikamoo.

Nimepokea kwa unyenyekevu uamuzi wa kikao cha Ijumaa, ambacho mimi na mke wangu Aliya hatukualikwa, bila shaka kwa kutuonea huruma. Mmeona kwamba binti yetu Rahaf, mwenye miaka sita, amefika kilo thelathini na nne kwa uvivu wa mama yake, na kwamba usonji wake ni deko tu. Nashukuru kwa uchunguzi uliofanyika bila mtoto kuwepo. Hata hivyo nina malalamiko.

1. Muuguzi wa kliniki anasema uzito wa mtoto huanza kujengwa tangu mimba. Nikamuuliza Aliya wakati ule alikuwa anakula nini. Akanijibu, "Alivyoleta shangazi yako." Kila wiki halua na tambi za sukari zilikuja kwa basi kutoka Pangani, na akikataa kijiko cha pili aliambiwa anamdhulumu mtoto.

2. Rahaf alizaliwa na kilo nne na nusu. Ninyi ndio mliopiga picha mizani ya hospitali mkawatumia ndugu wa Maskati. Sikusikia neno uvivu.

3. Alipofikisha miezi mitatu, Aliya akiwa amelala, ulimlisha uji wa samli. Nilipouliza ukasema, "Mtoto mashavu." Mashavu yakaja. Maneno hayakuja, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeitisha kikao.

4. Nyumbani Rahaf hali kitu kisicho cheupe: wali, mkate, maziwa. Samaki akigusa wali, sahani nzima inaachwa. Kwenye harusi ya ndugu yetu Asaad kelele zilimzidi, akaziba masikio na kulia. Wajumbe watano wa kikao walimnyamazisha kwa kashata, kila mmoja na yake, kisha wakashangaa anavyopumua kwa shida.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, wajumbe wapande mizani hadharani kabla ya kikao kijacho, na kilo zao zisomwe kwa sauti kama mlivyosoma za mwanangu. Na kama mtashikilia kwamba kosa ni la mama, haki ifuate mstari wake: Aliya alilelewa na mama yake, na mama huyo akalelewa na mama yake. Wote waandikiwe barua za onyo. Walio hai kwa posta, marehemu kwa utaratibu mtakaouona unafaa.

Wasalimie wote waliohudhuria, na waliotamani kuhudhuria wakakosa viti.

Mwanao mtiifu,
Sleyum

Tanbihi: Shangazi, hii usiwasomee wenzako. Kila alasiri nikitoka kazini nampeleka Rahaf kibandani kwa Castory, tunakula chipsi sahani moja. Aliya hajui. Muuguzi alipouliza mtoto anakula nini nje ya nyumbani, nilitazama dirishani. Lakini ni katika njia hiyo tu ndipo anaponishika kidole, na mwezi uliopita, tukingoja sahani, alinitazama akasema, "Baba." Nimejaribu kumpitisha njia nyingine mara mbili, aliketi chini barabarani, nami nikaketi naye, kisha tukaenda kwa Castory. Basi mkosaji mmempata. Nikiitwa kikaoni nitakuja, ila isiwe alasiri.