Nukta Tatu za Bi Mwanahamisi

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Leo Bi Mwanahamisi kanipa mtihani. Hataki kusikia posa yangu kwa mjukuu wake Somoe mpaka nimuuzie korosho zake zote za kukaanga kabla ya Ijumaa. Anasema mwanamume anayeshinda na simu, basi simu imlishe. Mtihani gani huo? Mimi Hashimu na matangazo ya mtandaoni ni chanda na pete.

Jioni nikatupia kwenye kundi la wasap la mtaa wetu, Ufukoni: KOROSHO!!!!!! NJOO SASA!!!!!! Kurasa za Dar zote zinaandika hivyo na watu wananunua. Huku mzee Shabani akauliza ninamfokea nani, na kama wazazi wangu wana habari. Mteja hata mmoja hakuja.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimemwendea rafiki yangu Americo, Shangani. Ana binamu mfanyabiashara kule Pemba, Msumbiji, kwa hiyo mambo ya nje anayajua. Akacheka kelele zangu. Wenzetu, anasema, wanaweka picha, jina na nukta tatu, basi. Mteja anabaki na hamu. Kesho yake ndiyo anaambiwa bidhaa.

Nikaweka hapohapo picha ya Bibi, ile ya Idi, kajitanda mtandio mweupe. Chini yake: Bi Mwanahamisi wetu... Nikazima simu ili hamu ipande.

Jumatano, 9 Oktoba
Balaa. Kumbe huku kwetu picha ya mtu mzima, jina na nukta tatu vina maana moja tu. Nimefika asubuhi, uwanja wa Bibi umejaa. Salumu, kijana wa mtaani, kaleta turubai. Mzee Shabani anauliza tunazika adhuhuri au alasiri. Mama Celia, jirani aliyenuniana na Bibi tangu ugomvi wa kuku, analia kuliko wote, eti alikuwa na nia ya kuomba radhi.

Bibi akafungua mlango, mswaki mdomoni, akauliza nani kafa. Wengine walikimbia. Mama Celia akamkumbatia, wakalia wote wawili. Nami nyuma ya turubai nikalia, maana Somoe ndiyo basi tena.

Ijumaa, 11 Oktoba
Ajabu ya Mungu. Siku ile Bibi hakuruhusu mtu aondoke bila chai, na chai haikwenda bila korosho. Kwa aibu wakazinunua zote. Leo kaniita. Kasema ameuona msiba wake akiwa hai na umependeza, kwa hiyo wazee wangu waje. Sharti moja: nisiandike tena tangazo lolote juu ya familia yake. Nimeapa. Somoe kacheka mpaka akakaa chini. Nampenda sana binti huyu.

Jumapili, 13 Oktoba
Posa imepokelewa, alhamdulillahi. Nimeweka picha ya Somoe kwenye kundi. Hili si tangazo, ni taarifa, kwa hiyo kiapo kiko palepale. Kelele sikuweka, nukta sikuweka. Sina ujinga huo. Nimeandika: Somoe anaolewa na Hashimu??? Ukimuuliza msomaji, anajiona kashirikishwa.

Mjomba wake kapiga kutoka Tandahimba, anauliza kwa ukali ni nani anayepinga. Shangazi yake anataka kujua nimefanya nini. Simu haipoi. Mambo yamekubali. Sasa hivi anapiga Bibi mwenyewe, bila shaka kunipongeza.