Kondoo wa Bi Kheiria

Nahashon, fundi wa eisi, viyoyozi vya nyumbani, kutoka mtaa wa Ghala, Maskati, alikuwa juu ya ngazi sebuleni kwa Bi Kheiria, mtaa wa Ansab, alipokiona ukutani: kitambaa kilichotariziwa alfabeti, nyumba nyekundu, kondoo wawili wenye miguu ya meza, jina la msichana na mwaka 1764. Nusura aangushe bisibisi. Madamu mmoja Mmarekani aliyemfanyia kazi Qurum alishamwonyesha picha ya vitambaa hivyo, vya enzi kwao kulipokuwa bado koloni, akamwambia kuna watu wanauza nyumba ili wavinunue.

"Hiki kimetoka wapi, bibi?"

"Cha ukoo, mwanangu. Bibi wa bibi yangu alitunukiwa Unguja na mke wa tajiri wa Kimarekani. Mama humwachia binti, mpaka leo kiko kwangu."

Nahashon alijijua mjanja, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake maishani. Alishazijua nyumba za Waomani waliorudi kutoka Unguja: ukisifu kitu mno, mwenyewe huona haya kukunyima. Basi akasifu. Alisifu uzi, akasifu nyumba, akasifu hata wale kondoo, Mungu amsamehe.

"Chukua basi," Bi Kheiria akasema kwa unyonge. "Nimekupa."

Akakitungua upesi, mzee wa watu asije akabadili nia.

"Mashaallah, na hiyo saa yako. Nnaipenda toka ulipoingia."

Nahashon akaifunika saa kwa kiganja. Mkufu wake ulikuwa bandia, manukato bandia, hata cheti cha ufundi alikinunua uchochoroni Nairobi. Kitu halisi mwilini mwake kilikuwa ile saa tu, ya marehemu baba yake, aliyemwapisha asiitoe mkononi. Lakini kitambaa kilikuwa tayari kwapani. Akaivua, roho inamuuma.

Madamu wa Qurum alikigeuza kitambaa, akacheka mpaka akakaa chini. "Huu uzi ni nailoni, Nahashon. Kimeshonwa juzi."

Akarudi Ansab mbio. Ukutani ilikuwapo nyumba ileile nyekundu, na kondoo walewale. Bi Kheiria, miwani puani na saa mkononi, alikuwa anatarizi kondoo mwingine.

"Bibi, ulinipa cha uongo."

"Ulisifu cha ukutani, nikakupa cha ukutani. Cha bibi yangu kimo sandukuni. Wageni wa siku hizi wana macho."

Nahashon akakitazama tena kile cha ukutani. Akajiona bwege, na akakubaliana na nafsi yake kwamba ni kweli.

"Saa nzuri hiyo, bibi," akasema polepole. "Nzuri kupita kiasi."

Bi Kheiria akamtazama kwa furaha, akaivua, akampa. Kisha akageukia mlangoni, Nahashon alikovua viatu vyake.

"Na vile viatu, mashaallah. Mjukuu wangu Harub anavitafuta vya namna hiyohiyo."

Lami ya mchana ilimuunguza nyayo mpaka kwenye gari. Aliruka kama kuku, saa ya baba mkononi, anajicheka.