Galaksi ya Mzee Naftali

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimeficha jambo, na moyo wangu hauna tena nguvu ya kulibeba. Ule mlio wa redio ulionipa sifa Ilongero nzima haukutoka kwenye galaksi yoyote. Ulitoka hapa hapa duniani. Nimelijua hilo siku zote.

Daktari wa mjini kaniambia nisipande ngazi, nisibishane, nisile chumvi. Maana yake naaga. Basi naandika.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia. Uani nina dishi kuukuu la televisheni, nimeliunganisha na redio na kompyuta. Pasaka ya mwaka jana lilinasa mlio mmoja, mkali, mfupi kuliko kupepesa kope. Milio ya namna hiyo ipo kweli: hutoka galaksi za mbali mno, na wataalamu wakiinasa huhangaika kutafuta kila mmoja umetoka galaksi ipi. Nikatangaza kanisani kwamba wangu ni mmojawapo. Tangu hapo naitwa Mzee Galaksi. Napewa kiti cha mbele hata kwenye harusi za watu nisiowajua.

Sasa mjukuu wangu Asnath anasomea milio hiyo hiyo chuo kikuu, shahada ya pili. Amepiga simu. Alhamisi anakuja kwa ajili ya mlio wangu, maana Jumatatu ijayo atauonyesha mbele ya maprofesa. Maprofesa! Watamcheka mpaka abadili ukoo.

Kumwambia ukweli? Hapana. Lazima iwepo njia nyingine.

Jumanne, 10 Juni

Njia imepatikana. Mlio ukipotea, na aibu imepotea. Nimeichomoa ile kadi ndogo yenye mlio, nikaidondosha kwenye pumba za kuku. Jogoo mwekundu akaimeza bila maswali. Safi kabisa!

Mke wangu Emiliana alinikuta namshangilia jogoo. Akauliza kama nimemeza dawa za asubuhi.

Jioni Asnath akapiga tena. Nikamwarifu kwa huzuni kubwa kwamba kadi imepotea. Akasema nisijali, nilishamtumia nakala mwenyewe, Pasaka ile ile, pamoja na picha yangu nimevaa suti.

Ee Mungu wangu. Ile suti.

Jumatano, 11 Juni

Mpango wa pili: kuugua sana. Nani atamhoji mahututi? Nikajifunika blanketi mpaka kidevuni, nikaanza kuugulia kwa mpangilio.

Kosa. Habari ilivuka barabara ikamfikia Laurian. Yeye ni Mnyiramba wa Ulemo, mimi ni Mnyaturu. Ni mtani wangu, na mashine yake ya kukamua alizeti inatazamana na geti langu. Hajawahi kuiamini galaksi yangu. Aliingia bila hodi, akanipima urefu kwa kamba ya kufungia magunia, akamwuliza Emiliana kuku wa matanga ni yupi. Emiliana akamwonyesha jogoo mwekundu.

Kisha akaniinamia sikioni. "Kufa taratibu, mtani, usiniharakishe. Siku ya kukuzika nasimama pale kaburini nawaambia watu galaksi yako ilikuwa ya bati. Na mtani hakasirikiwi msibani, unajua."

Najua. Ndiyo mila. Nikapona saa ile ile, nikaomba uji.

Alhamisi, 12 Juni

Asnath amefika kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Shikamoo babu, marahaba, akakaa. Nikafungua kinywa nitoe uongo mwingine. Akaniwahi.

Alijua tangu siku ya kwanza! Mlio wa kweli, kasema, husafiri katikati ya gesi nyembamba iliyotapakaa kati ya galaksi, na gesi hiyo huuchelewesha. Mawimbi mafupi hutangulia, marefu hufuata nyuma kama wazee.

"Wako, babu, umefika wote pamoja, kama watu waliotoka nyumba ya jirani."

Ni mlio bandia. Na bandia ndio anaoutaka! Ana sura nzima kwenye tasnifu yake ya kuwafundisha wenzake wasidanganyike. Anachokosa ni chanzo. Bila chanzo, maprofesa wataikata sura hiyo.

Ah, nilivyopumua! Nililia, nikacheka, nikaomba chumvi.

Akauliza, sasa ni nini kilicholia?

Na mimi, badala ya kusema, nikanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. Mashine ya Laurian, nikasema. Mota mbovu, inatoa cheche.

Sijui kwa nini. Kidole kilijinyoosha.

Ijumaa, 13 Juni

Nilitegemea Laurian akasirike. Kavaa shati jeupe! Kapaka chokaa ukuta wa mashine, kaandika kwa mkaa: HAPA NDIPO MASHINE ILIYOSIKIKA MBINGUNI. Foleni ya magunia imefika kanisani. Mama mmoja kazipita mashine zote za Unyambwa aje kukamulia kwake. Wanamwita Profesa. Akanipungia vidole viwili, kama askofu.

"Asante, mtani!" akapaza sauti. "Sasa mimi na chuo kikuu ni mashemeji!"

Asnath kashinda pale na redio yake, mashine ikiwashwa na kuzimwa. Wapi! Kelele za ile mota hazifanani hata chembe na mlio wangu. Karudi na mafuta ya alizeti kwenye nywele. Kesho anaondoka. Sura ataiondoa, kasema. Na kuku tuliyempikia hakumgusa.

Jumamosi, 14 Juni

Nimemwambia. Kabla hajapanda bodaboda. Emiliana anadhani ni dhamiri. Acha adhani. Ule ukuta wa Laurian ningeuangalia mpaka lini?

Asnath akajaribu pale pale jikoni kwetu. Mlio ukalingana na wa Pasaka kama mapacha. Akaruka, akanibusu upara. Sura imepona, na moyo wangu mwepesi; nimepanda hata ngazi. Nimempa sharti moja tu: majina yangu yote matatu, kwa herufi kubwa, na la Laurian lisionekane popote. Ngazi nimeipanda getini, nikaandika: HAPA NDIPO HASA. Yeye katumia mkaa, mimi rangi ya mafuta. Mvua ikija tutaonana.

Na mtani asipate la kusema kaburini, naliandika mwenyewe. Siku ile nilikuwa nachemsha maziwa. Nilibofya kiwashio cha jiko la gesi, mlio ukaja. Nikabofya tena kuhakikisha. Ukaja tena. Nikavaa suti, nikaenda kanisani kutangaza galaksi.