Laptop ya Mwende na Mgongo Wangu

Kina mama wa kanisa, leo nimejiaibisha mbele ya wapangaji wa ploti nzima. Nawaandikia mwenyewe kabla Mama Shiro hajawaambia, maana yeye akisimulia huongeza chumvi, na presha yangu haitaki chumvi.

Mnamjua Mwende, mjukuu wangu ninayeishi naye hapa Noonkopir, Kitengela. Amemaliza chuo, ametafuta kazi miaka miwili. Leo saa tano alikuwa na intavyuu ya ofisi moja ya Kajiado mjini, ile ya kufanywa kwa laptop, mtu anaulizwa maswali akiwa kwake sebuleni. (Siku zetu ulienda na viatu vya kuazima ukangoja kwa benchi. Lakini haya.)

Hiyo laptop tulinunua mwezi uliopita. Mbuzi wangu wawili walienda soko ya Kajiado hawakurudi, ikarudi hiyo kitu. Dukani niligombana. Nyembamba kama sinia! Niliinua kwa mkono mmoja nikaipima vile mtu hupima kuku. Nikamwambia muuzaji, "Hii imekonda. Leta ile imeshiba."

"Shosho, siku hizi nyembamba ndiyo nzuri," akasema. "Haichoshi mkono. Betri inakaa karibu siku nzima. Kelele haina, hata feni haina."

"Na joto yake inatokea wapi?"

Akaanza kuandika risiti. Mwende akanivuta sketi. (Hilo swali liwekeni mahali.)

Nikaigeuza. Tundu moja tu! Zile za zamani zilikuwa na matundu kama chujio. Hii ukichaji huwezi kuweka flashi, ukiweka flashi huchaji. Na ikianguka, haina nyama ya kuikinga. Lakini inaingia kwa mkoba, na stima ikipotea inaendelea na kazi yake bila kuuliza mtu. Kwa hiyo nikakubali nikinung'unika.

Sasa leo.

Asubuhi baridi ilikuwa ya kukata. Mnajua mgongo wangu. Kila siku ya baridi najaza chupa maji moto, naizungushia taulo, naifunga mgongoni kwa leso kama mtoto, juu sweta, juu ya sweta shuka. Leo gesi imeisha maji yakiwa bado baridi.

Mwende alikuwa ameenda kwa jirani, Mama Shiro, kupiga pasi blauzi na kusukwa nywele. Laptop ameiacha kwa meza, imefungwa, inamalizia kuvuta mafaili yake. (Ameiambia isilale hata ikifungwa. Na inatii! Yeye mwenyewe nikimwambia aamke hatii.)

Nikaisogeza nipanguse meza. Jamani! Ilikuwa na joto la chapati iliyotoka kwa hotpoti.

Nikaangalia mlango. Nikaangalia laptop. Nikachukua leso.

Dakika kumi tu, nilisema.

Huu mgongo umebeba watoto saba, umebeba kuni, umebeba mitungi ya maji kutoka mtoni. Kitu cha kilo moja na kidogo hauwezi hata kukihesabu. Maumivu yakaisha. Na mgongo ukinyamaza, nani anaukumbuka? Nikatoka nje kuchagua maharagwe kwa jua. Akilini mwangu nilikuwa nimefunga chupa, kama siku zote.

Nikiwa hapo akaja Baba Naserian, mlinzi wetu wa ploti. Mtu mpole, maneno yake machache. Akanisalimia Kimaasai, na Koko kwao ni nyanya.

"Koko, takwenya."

"Iko," nikamwitikia.

Akaingia jikoni kwangu, akatengeneza mfereji uliokuwa ukivuja, akatoka na mfuko wake wa spana.

Saa tano kasoro robo Mwende akarudi, blauzi imenyooka, kichwa kimependeza. Nikasikia ukemi wake, akiniita nyanya kwa Kikamba.

"Susu! Laptop iko wapi?"

"Si kwa meza?"

"Meza iko tupu!"

Tukatafuta chini ya kitanda. Nyuma ya debe la unga. Mimi niliinama mpaka chini ya kochi, nikiwa nimeibeba! Mwende akakaa chini akalia. Ile miaka miwili yote niliisikia kwa hicho kilio. Damu ikanipanda. Aliyeingia kwa nyumba yangu leo ni mtu mmoja.

Nikatoka. Nikafunga geti na kufuli. Nikaita kwa sauti ile ya kufukuza ng'ombe kwa shamba la mahindi. Wote wakatoka, wa juu na wa chini, Mama Shiro na pasi mkononi.

"Baba Naserian, kuja hapa! Fungua huo mfuko!"

"Koko, hii ni spana tu."

"Fungua!"

Akafungua. Spana, vipande vya mpira, msumari mmoja. Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikapanda ngazi nikahubiri.

"Mwizi hana siri! Aifiche chini ya ardhi, Mungu ataifanya ipige kelele!"

Ikapiga kelele.

Tiriri-tiriri! Tiriri-tiriri! Nikageuka nione ni nani amesimama nyuma yangu. Sauti ikageuka na mimi. Nikageuka tena. Ikageuka tena.

Mama Shiro akaweka pasi chini. "Mama Mutua," akaniambia, "mbona unalia mgongoni?"

Mwende akaja mbio. Shuka juu, sweta juu, petikoti yangu ikaonwa na wapangaji wote. (Ilikuwa safi. Hilo pia mlijue, kwa sababu Mama Shiro hatalisema.) Akashika fundo. Kina mama, mimi hufunga lile fundo la kubebea mtoto ukivuka mto. Halifunguki mpaka mtoto akue.

"Susu, ni wao! Wanapiga! Nisiposhika wataita mtu mwingine!"

Ikanyamaza. Mwende akaachilia fundo. Nilitamani ardhi ya Kitengela ipasuke, hii nyeusi, inimeze. Kisha ikaanza kulia tena.

Ndipo Baba Naserian akapita katikati ya watu, akachomoa kisu kiunoni.

"Koko, simama. Usitingishike."

Mara moja tu. Leso yangu ya harusi ya binti yangu ikawa vipande viwili, laptop ikaanguka kwa mikono ya Mwende, na Mwende akaingia ndani kama upepo.

Baba Naserian akarudisha kisu. Akaniangalia.

"Koko, huyu mwizi umembeba mpaka akalilia maziwa."

Ploti ikaanguka kwa kicheko. Mimi si mtu wa kusema pole haraka, mnanijua. Lakini niliyemshtaki kwa sauti kubwa siwezi kumwomba msamaha kwa kunong'ona. Nikabaki pale pale kwa ngazi nikasema, "Baba Naserian, nimekukosea mbele ya watu wote hawa. Mwizi ni mimi."

"Imeisha, Koko," akasema. "Sasa fungua geti, na uniletee chai."

Gesi sina! Chai ikapikwa na Mama Shiro, akicheka kwa sufuria.

Mimi nilisimama nje ya mlango. Sauti ya Mwende haikutetemeka. Alipotoka alikuwa anapangusa machozi, na sikujua ni ya aina gani.

"Wameuliza kwa nini nilichelewa kushika."

"Ukasema?"

"Ukweli."

"Wote?"

"Wote, Susu. Mkubwa wao amecheka mpaka akazima kamera. Wanataka nifike Kajiado Jumatatu na vyeti vyangu."

Nikakaa chini hapo hapo kwa kizingiti. Mgongo haukuuma hata kidogo.

Atakayecheka acheke leo. Jumapili kanisani nataka kuona midomo imefungwa kama geti yangu. Na mkiulizwa kuhusu hizo laptop nyembamba, semeni Mama Mutua amekubali ni nzuri. Ubaya wake ni mmoja: ni nyepesi mpaka aliyeiiba mwenyewe hajui.