Rimu za Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Baba mkwe kaja na gari lake. La zamani, lakini analidekeza kama mjukuu. Jumamosi litambeba bintiye wa mwisho, bibi harusi. Rimu tu za magurudumu zimefifia. Fundi jirani, yule mjuaji, akasema atazing'arisha kwa msasa na maji, siku mbili. Siku mbili! Nikadakia kwamba mimi nazimaliza asubuhi moja. Mke wangu akanitupia jicho. Mzee akanikabidhi ufunguo kwa mikono miwili.

Jumanne, 5 Machi
Dawa ya kusafishia choo! Nikamimina kwenye rimu zote nne kwa mpigo. Povu likafoka. Nikafurahi, uchafu unakimbia! Nikaenda kunywa chai, nikaongeza kikombe cha pili. Kurudi, rimu zimefanya mabaka meupe, kama kichwa chenye mapunye.

Jumatano, 6 Machi
Nimezipulizia rangi ya fedha. Kufika adhuhuri inabanduka kama ngozi ya nyoka. Mzee akatoka. Heri angenitukana. Akachuchumaa, magoti yakilia, akafuta rimu moja kwa leso yake. Leso ikanata.
"Haya, mwanangu," akasema. "Umejitahidi."
Mwanangu! Nikajifungia bafuni. Mke wangu akabisha hodi, akauliza kama ile dawa ya choo imebaki, maana choo ni kichafu.

Ijumaa, 8 Machi
Jana nilimwangukia fundi. Hakunicheka, na hilo ndilo limeniuma zaidi. Alinipa msasa laini na ndoo ya maji, akasema tusugue wote. Siku mbili kweli. Vidole vimechubuka. Leo jioni rimu ziliwaka kama kioo. Nikaona uso wangu humo, nikageukia pembeni.

Jumamosi, 9 Machi
Harusi. Bibi harusi aliinama akajitazama kwenye rimu, akarekebisha shela. Watu wakapiga vigelegele. Mzee alimkalisha fundi kiti cha mbele. Mimi nilifuata kwa miguu, macho chini.
Ukumbini mama mkwe akanivuta kando. Ana birika la fedha alilorithi kwa mama yake, limeingia weusi. Akauliza kama yule fundi anaweza kulitazama. Nikamwambia, fundi wa nini tena, mama, na mimi nipo?
Birika liko mezani hapa. Nimenunua msasa, ule mkali kuliko yote. Ule laini unachelewesha.