Sabuni, Krimu na Ndevu za Mwalimu

Jumatatu, tarehe 9

Nimetukanwa kwa rangi nyekundu. Nimeliona tusi asubuhi nikifungua chumba changu cha kunyolea. Shemeji, mume wa dada yangu, kabandika bango kwenye dirisha lake, hapo ng'ambo ya barabara: KRIMU TU. SABUNI NI YA KUFULIA.

Mimi ndiye niliyemfundisha kushika wembe! Miaka miwili kakaa kwenye benchi langu akinioshea brashi. Leo anakamua krimu kutoka kwenye tyubu, na wateja wangu wanavuka barabara wakijifanya wanaangalia saa.

Mchana Dada kapita. Vyumba vyote viwili ni vyake, changu na cha mumewe. Kasema hana upendeleo, ila mtaa huu hauna mashavu ya kutosha vinyozi wawili. Mwisho wa mwezi, mwenye wateja wachache atatoka, na chumba chake kiwe duka la ndoo za plastiki. Nimemuuliza: yaani mimi, tumbo moja naye, nipishe ndoo? Kasema ndoo hazijisifu.

Jumanne, tarehe 10

Neema imeshuka! Mwalimu mkuu mstaafu, yule aliyenifundisha kusoma akanichapa kwa kutosoma, anataka kunyoa. Ndevu za miaka kumi na moja! Anakwenda kumwona mjukuu wake ng'ambo, na ofisi ya pasipoti imemwambia uso wa kwenye picha na uso alionao ni nyuso za watu wawili.

Mtaa mzima huamini anachosema Mwalimu, hata kuhusu mvua. Na kasema hivi: Jumamosi saa nne ataanza kwa Shemeji, shavu la kulia, krimu. Kisha atavuka kwangu, shavu la kushoto, sabuni. Kisha atatangaza ipi bora.

Maisha yangu yote yako kwenye shavu moja.

Nimekaa nikapima kwa haki. Sabuni: povu zito, linasimamisha nywele, kipande kimoja kinakwenda miezi. Lakini inataka kukorogwa mpaka bega liume, na ukizubaa inakauka, mteja anabaki kama ukuta uliopakwa chokaa. Krimu: laini, ya haraka, wembe unateleza wenyewe. Sitamwambia mtu, lakini krimu ni nzuri.

Basi nitanunua krimu kwa siri, niikoroge bakulini, niiite sabuni. Akili hizi nimezitoa wapi?

Jumatano, tarehe 11

Nimekwenda duka la mbali, mtaa wa tatu kutoka hapa, kofia mpaka machoni. Naingia, nani yuko kaunta? Shemeji! Mkononi kashika sabuni ya kunyolea. Kasema ni ya kufulia soksi. Nami nikasema natafuta krimu ya visigino. Tumeulizana habari za nyumbani kwa heshima kubwa, kama watu waliopotezana mwaka mzima. Alipogeuka nikanyakua tyubu ya kwanza iliyokuwa mbele yangu, nikalipa, nikatoka mbio.

Alhamisi, tarehe 12

Naandika kwa kifupi, sina moyo.

Jana alasiri nilikamua tyubu yote bakulini. Harufu kama yai bovu. Nikapaka kidogo chini ya pua, kujaribu. Mara Dada mlangoni na kamba yake, anapima ukuta, ndoo kubwa zikae wapi. Tukabishana robo saa. Jasho likanitoka, nikajifuta paji la uso kwa vidole vilevile. Dada alipoondoka nikachukua taulo nikajipangusa.

Masharubu yakabaki kwenye taulo.

Masharubu ya miaka ishirini! Na nyusi ya kushoto! Vyote vimeondoka kwa upole, bila kuaga. Nikavaa miwani, nikasoma tyubu. Krimu ya kuondoa nywele.

Leo nimejichorea nyusi kwa penseli. Mteja wa kwanza kaniuliza nimeshangaa nini. Wa pili hakuuliza, kacheka mpaka akakohoa. Hao ndio wateja wote. Shemeji kasimama mlangoni kwake akaniita Bwana Nusu. Bakuli nimeliacha rafuni, sitaki hata kuliangalia.

Ijumaa, tarehe 13

Nimerudi kwenye sabuni yangu, kwa uaminifu, kwa kuwa sina njia nyingine. Nimefanya mazoezi ya kunyoa puto lililopakwa povu. Puto limepasuka mara nne. La tano limepona, ila nusu ya kwanza tu.

Dada kaja kufagia jioni. Kasema chumba kinanuka. Nikamwacha na ufagio, nikaenda kununua puto la sita.

Jumamosi, tarehe 14

Nitaandika yote, kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Saa nne kasoro robo nilikuwa tayari. Taulo safi, wembe mpya, ndoo nzima ya maji ya vuguvugu. Nikatafuta bakuli nilioshe, nikorogee sabuni. Hakuna! Dada akapita, nikamuuliza. Kasema jana kampa mumewe. Aliliazima kwa siri, maana krimu yake haina povu la maana na anajua Mwalimu anapenda kuona povu.

Sikumsubiri amalize. Nikachungulia ng'ambo. Mwalimu yuko kitini, kichwa nyuma, macho kafumba. Shemeji anampaka. Weupe umepanda mpaka karibu na nyusi!

Nilisimama. Ndiyo, nilisimama. Nikawaza: nikinyamaza tu, Shemeji kwisha. Mtaa utamfukuza kabla ya saa sita, na chumba ni changu. Kazi ya kunyamaza, nani asiyeiweza? Halafu nikahisi ngozi yangu inavyowasha tangu Jumatano. Nikamwona Mwalimu, miaka sabini na nane, shingo nyembamba vile, mtu aliyenishika kidole nikaandika herufi ya kwanza.

Nikabeba ndoo. Nikavuka. Nikammwagia yote, kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Usimguse! Hiyo inang'oa nywele! Nilinunua mimi, nilitaka kudanganya kwamba ni sabuni!"

Watu wamejaa dirishani. Mwalimu akafungua jicho moja.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba. Sasa kaa chini, ueleze tangu mwanzo."

Nikaeleza. Shemeji, kuona nimeanza, naye akakiri habari ya bakuli na ya ile sabuni ya soksi. Dada akaingia akihema. Kasema ningemsubiri amalize sentensi ningejua: uchafu ule aliumwaga jana, bakuli kalisugua kwa mchanga mara tatu kwa sababu ya harufu. Kilichokuwa usoni kwa Mwalimu ni sabuni tu.

Nikakaa hapohapo kwenye maji. Nikaziangalia nyusi za Mwalimu. Zipo. Nikaziangalia tena. Zipo, zote mbili! Sijawahi kufurahia nyusi za mtu kiasi kile. Nilicheka, na nadhani nililia kidogo, ingawa nilisema ni povu.

Shemeji alikuwa kapiga magoti akikausha sakafu kwa taulo zake, hivyo Mwalimu akaniamuru nimnyoe mimi. Shavu moja krimu, shavu moja sabuni, kama alivyopanga. Wembe ukapita pande zote mbili kama juu ya siagi. Mwalimu akajipapasa. Akajitazama kiooni kama amekutana na mtu aliyemsahau. Kasema hajawahi kunyolewa vizuri hivyo.

Watu wa dirishani wakamwuliza: sabuni au krimu? Kasema kila mtu achague anayoipenda. Kilicholainisha ndevu zake ni yale maji ya vuguvugu, na vinyozi wa mtaa huu wamemnyoa mkavu tangu ujana wake kwa uvivu wa kuchemsha maji.

Dada akaamua papo hapo. Tukae chumba kimoja mimi na Shemeji, sabuni na krimu, anayetaka hiki akipate na anayetaka kile akipate. Cha pili ni cha ndoo. Shemeji kanipa mkono. Nimeupokea. Nimepumua kama mtu aliyetua gunia.

Jumapili, tarehe 15

Nimelala mpaka saa tatu, usingizi wa mtoto. Nimeapa: hila basi.

Tumehamisha kiti cha Shemeji kukileta kwangu. Kumbe kinazunguka! Changu hakizunguki. Nimekikalia kidogo, nikazunguka mara mbili, nikaona hatari. Kesho wateja wote watakiendea kile.

Hii si hila, ni marekebisho. Kuna skrubu moja chini. Nikiilegeza kidogo tu, kiti kitazunguka zaidi ya mteja anavyotaka. Hakuna atakayeumia, nitakijaribu mwenyewe kwanza. Bisibisi nimeazima kwa Mwalimu. Kaniuliza ya nini.

Nimemwambia ya miwani.